Halb vier si saa kumi na nusu

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikosa nafasi ya masomo ya kiangazi Ujerumani kwa sababu ya neno moja la herufi nne. Karani alinipigia simu kunipangia mahojiano ya video, akasema kwa upole: «Mittwoch, um halb vier.» Nikaitika «Ja, halb vier», na katika daftari nikaandika Jumatano, quatre heures et demie, yaani saa kumi na nusu. Siku ile nilipiga shati pasi, nikaketi mbele ya kompyuta dakika kumi kabla ya wakati. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wamenisubiri tangu saa tisa na nusu, wakachoka, wakaenda kwa mwombaji mwingine.

Siwezi kusingizia tofauti ya majira. Tangu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu hadi ile ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa ya Ujerumani na ya Lubumbashi ni moja. Ni Kinshasa iliyo nyuma yetu. Kosa lilikuwa katika daftari langu la msamiati, ambamo nilikuwa nimeandika: halb = nusu. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haitoshi.

Kiswahili na Kifaransa husema nusu kwa kuongeza. Saa imetimia, kisha tunaweka nusu juu yake: saa tisa na nusu, trois heures et demie. Mjerumani hutaja saa inayokuja. Kwake, baada ya saa tatu ya mchana kwa hesabu ya Kizungu, saa ya nne imeanza kujaa, na ikifika katikati ni halb vier: nusu ya ile ya nne. Mantiki hiyo imo pia katika neno anderthalb, yaani moja na nusu. Sehemu yake ya kwanza, ander, zamani ilimaanisha «ya pili». Kwa hiyo neno zima ni kama kusema: cha kwanza kizima, cha pili nusu. Wenzangu wanaosoma Kiafrikana watakutana na jambo hilohilo, kwani halfagt ni saa moja na nusu, si saa mbili na nusu.

Nusu hiyo ni kama mti uliosimikwa katikati ya saa, na dakika zilizo karibu nayo huhesabiwa kutoka hapo. Saa moja na dakika ishirini na tano ni fünf vor halb acht, tano kabla ya nusu ya nane. Dakika kumi baadaye ni fünf nach halb acht. Mashariki ya Ujerumani na katika sehemu za kusini wanaendelea mbele zaidi: viertel acht ni saa moja na robo, na dreiviertel acht ni saa mbili kasorobo. Kwingine robo ya kwanza husemwa Viertel nach sieben, ambayo sisi tuliosoma Kifaransa tunaimeza bila shida.

Ukumbuke kwamba sisi tuna kazi ya ziada. Nyumbani kwetu bibi huhesabu saa kuanzia macheo, mimi shuleni nilifundishwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, na sasa Kijerumani kinadai nusu itangulie. Tena neno letu saa linabeba mambo matatu: kifaa cha mkononi, wakati na muda. Kijerumani huyagawa. Kifaa ni Uhr, wakati nao ni Uhr, lakini muda ni Stunde. Drei Uhr ni wakati fulani wa siku. Drei Stunden ni muda wa kukaa ukingoja.

Ndiyo maana nimeacha kujifunza maneno kwa orodha, ninayafuata kama yanavyokuja katika siku ya Mjerumani. Karibu na saa sita, kazini, watu wakipishana husalimiana Mahlzeit, neno ambalo kamusi itakuambia ni mlo. Jioni wengi hula Abendbrot, mkate wa jioni, pamoja na jibini na nyama baridi. Kwa mtu aliyezoea bukari ya moto usiku, neno hilo haliingii akilini mpaka aone meza yenyewe. Feierabend limeundwa na sherehe na jioni, lakini ni kumaliza kazi tu. Anayetoka kazini saa tisa ya mchana huagwa vilevile: Schönen Feierabend!

Tena wale wanaotuambia kwamba Mjerumani hachelewi kamwe hawajasoma ratiba za vyuo vyake. Huko, somo lililoandikwa 10 c.t. linaanza saa nne na robo. Herufi hizo ni za Kilatini, cum tempore, «pamoja na muda», na robo hiyo huitwa akademisches Viertel. Likiandikwa 10 s.t., sine tempore, mlango unafungwa saa nne kamili. Kuchelewa kwao kumeandikwa katika kanuni. Kwetu kunaeleweka bila kuandikwa.

Kwa anayetaka kujaribu: usiku kabla ya kulala, simulia siku yako kwa sauti ukitaja kila saa kwa njia tatu. Niliamka saa kumi na moja na nusu, à cinq heures et demie, um halb sechs. Usiandike, maana karatasi inakupa nafasi ya kuhesabu vidole, na karani kwenye simu hatakupa. Mimi ilinichukua majuma matatu kabla ya nusu kukaa mbele yenyewe.

Kikundi chetu cha mazungumzo hukutana kila Jumatano, um halb drei, s.t. Atakayekuja saa tisa na nusu atatukuta tunafunga mlango.