Uliberali: Neno Moja, Maana Mbalimbali

Neno "uliberali" twalisikia mara nyingi. Wako walisifuo na wako walilaanio, na wengi wa pande zote mbili hawajauliza maana yake. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "huru". Lakini ni uhuru wa nani, na wa kuepukana na nini? Hapo ndipo watu wa Ulaya walipohitilafiana.

Kwanza, tutazame Uhispania. Huko Cádiz, mwaka 1810, wajumbe wa baraza waliotaka kuzuia nguvu za mfalme waliitwa Waliberali. Katiba yao ya 1812 ilimfunga mfalme kwa sheria. Walakini katiba hiyo hiyo ilikataza ibada ya dini yoyote isiyokuwa ya Kikatoliki.

Pili, Ufaransa. Baina ya 1830 na 1848 Guizot na wenziwe walitetea bunge na sheria, lakini kura waliwaachia matajiri waliolipa kodi ya faranga 200 kwa mwaka. Wapigaji kura hawakufika 250,000 katika nchi ya watu kama milioni 35.

Tatu, Uingereza. Huko Cobden na wafuasi wake walifundisha kwamba serikali iiache biashara ijiendee, na ushuru wa nafaka ukafutwa 1846. Baadaye Chama cha Waliberali ndicho kilichotunga sheria ya pensheni ya wazee, 1908, na bima ya wagonjwa, 1911. Neno lilikuwa lile lile, na maana ikakaribia kuwa kinyume.

Tena liko jambo linalotuhusu zaidi. John Stuart Mill, katika kitabu chake *On Liberty* cha 1859, aliutetea uhuru wa fikira kwa hoja madhubuti, kisha akawatoa humo watu aliowaita washenzi. Na serikali ya Gladstone, kiongozi wa Waliberali, ndiyo iliyopeleka majeshi kuikalia Misri mwaka 1882.

Basi si insafu kulitupa neno zima, kwani kumzuia mtawala asidhulumu ni jambo jema, lisemwe na nani. Wala si busara kulimeza bila kulitafuna. Kila tuitwapo kwenye uhuru, yatupasa kuuliza: ni nani aliyeingizwa ndani, na ni nani aliyeachwa mlangoni?