Mabaki ya Mkonge na Maji ya Rangi: Kinachoondolewa na Kinachobaki

Utangulizi

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mkoa wa Tanga ungali kitovu cha zao hilo. Jani linapopita katika korona, singa zinazopatikana ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Sehemu iliyobaki huwa taka. Huko Hale, mabaki hayo yamewahi kutumika kuzalisha gesi ya kuendeshea mtambo wa umeme. Matumizi mengine yanayochunguzwa na wanasayansi ni kuyakausha na kuyageuza kuwa bayocha, yaani makaa yanayopatikana kwa kupasha moto mabaki ya mimea mahali pasipo na hewa ya kutosha. Vifuu vya nazi, ambavyo ni vingi pwani yote, hufaa pia.

Bayocha ina uwezo wa kunasa rangi zilizoyeyuka katika maji, kama yale yanayomwagwa baada ya kutia rangi batiki au ukili wa mikeka. Swali la kitabibu ni hili: je, maji yaliyopoteza rangi yamekuwa salama?

Rangi na afya

Mwaka 1895, daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alitoa taarifa ya uvimbe wa kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ilithibitika kwamba benzidini, kemikali iliyotumika kutengeneza baadhi ya rangi za kundi la azo, husababisha saratani ya kibofu. Rangi za azo zilizotokana na benzidini zinapomezwa, bakteria wa utumbo huweza kuzivunja na kuiachia kemikali hiyo mwilini.

Si rangi zote zilizo na hatari hiyo, lakini hata iliyo dawa ina mipaka yake. Methilini ya buluu hutumika hospitalini kutibu hali ambayo damu hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo kutokana na badiliko la himoglobini. Hata hivyo, kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, dawa hiyo huweza kupasua chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hupatikana zaidi kwa watu wa maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwamo.

Jinsi bayocha inavyonasa rangi

Mabaki makavu hupashwa moto wa nyuzi 300 hadi 700 za Selsiasi. Mvuke na gesi hutoka, na kaboni hubaki ikiwa na vitundu vidogo sana. Molekuli za rangi hunata kwenye kuta za vitundu hivyo.

Kunata huko hutegemea chaji ya umeme. Katika maji yenye magadi, uso wa bayocha kwa kawaida huwa na chaji hasi. Kwa hiyo huivuta methilini ya buluu, yenye chaji chanya, lakini huzisukuma rangi zenye chaji hasi. Nyingi za rangi za pamba ni za aina hii ya pili, tena hutiwa pamoja na chumvi na magadi. Ndiyo maana makaa yaliyofaulu vizuri maabara kwa methilini ya buluu huweza kushindwa katika ndoo ya mtengeneza batiki. Jaribio lenye maana ni lile linalotumia maji yenyewe ya mahali husika.

Kukadiria kiasi

Chukulia kwamba ndoo ya lita 20 ina miligramu 100 za rangi kwa kila lita, na gramu 1 ya bayocha hunasa miligramu 50. Rangi yote ni miligramu 2,000. Kwa hiyo zitahitajika angalau gramu 40 za bayocha. Kwa vitendo huhitajika zaidi, kwa kuwa kadiri rangi inavyopungua majini ndivyo unasaji unavyokuwa mgumu.

Maji maangavu na maji salama

Jicho si kipimo cha kutosha. Rangi hutoweka kwa njia mbili: kunaswa au kuvunjika. Katika matope ya shimo lisilo na hewa, rangi ya azo huweza kuvunjika na maji yakaonekana safi, ilhali vipande vyake vyenye sumu vingali humo. Hata pale bayocha inapoinasa rangi yenyewe, haiui vijidudu vyote, wala haiondoi chumvi ya kutilia rangi. Maji hayo yasinywewe wala kupikiwa.

Mambo ya kuzingatia

1. Uchomaji ufanyike nje, mbali na nyumba. Moto usio na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua.

2. Maganda ya korosho yasichomwe kienyeji. Mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake hukera macho na mapafu.

3. Anayeshughulikia unga wa rangi avae glavu na barakoa, kwani baadhi ya rangi huleta pumu na mzio wa ngozi.

4. Bayocha iliyotumika imebeba sumu iliyotolewa majini. Isitumike jikoni wala isitupwe shambani au kisimani. Ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, na ushauri wa kuiteketeza utafutwe kwa taasisi ya taifa inayosimamia mazingira.