Wakikuita Kwenye Tathmini Kazini

Simu iliingia saa tano usiku. Alikuwa dada mmoja anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea hapa Uingereza. "Kaka, samahani kukusumbua usiku huu. Kesho kutwa wananipeleka kupimwa akili. Si ndiyo wananifukuza hivyo?"

Nilimwomba anisomee barua ya meneja wake. Aliisoma taratibu, akaruka mstari, akarudi, akaanza upya. Barua yenyewe haikutaja akili wala hospitali. Ilimwalika kwenye tathmini ya mahitaji yake kazini.

Simlaumu kwa hofu yake. Sisi tumezoea kupimwa malaria, presha na macho, na anayesema amepelekwa kupimwa kwa sababu ya kichwa hubandikwa jina mtaani kabla hajarudi nyumbani. Isitoshe, hapa Uingereza kuna mambo matatu ambayo hata mameneja huyachanganya. Kuna uchunguzi wa bingwa, ambao ndio unaosema kama una usonji, ADHD au disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Kuna idara ya afya kazini, inayoulizwa kama afya yako inakuruhusu kuendelea na kazi. Na kuna hii tathmini, ambayo inaitazama kazi. Mtathmini huzungumza nawe saa moja au mbili, mara nyingi kwa video, akikufuata kwa maswali tangu unapoingia mlangoni hadi unapotoka: unakwama wapi, kelele gani zinakutoa kwenye jambo unalolifanya, ni kitu gani husahaulika kila mara. Hakupi jina la ugonjwa, na hana mamlaka ya kumfukuza mtu. Anaandika ripoti ya mapendekezo, basi.

Dada yetu aliponieleza siku yake, nilielewa haraka. Zamu inaanza saa moja asubuhi. Nesi wa usiku anakabidhi kwa mdomo habari za vyumba 11, upesi upesi, huku kengele zinalia na chai inagawiwa. Yeye huandika kwa kalamu nyuma ya kiganja: chumba cha 4 vinywaji vizito, cha 7 asiachwe peke yake bafuni. Ni kazi ya kunawa mikono kila baada ya dakika chache. Ikifika saa nne, nusu ya maandishi imekwenda na maji. Alikuwa ameshapata barua ya onyo, na meneja aliandika humo kwamba tatizo ni Kiingereza chake.

Hilo la Kiingereza linawaumiza wengi wetu. Mtu mwenye disleksia anayefanya kazi kwa lugha ya pili huambiwa aende darasa la lugha, na yeye mwenyewe huamini. Kwa hiyo ukienda kwenye tathmini, usieleze Kiingereza peke yake. Sema unavyosoma Kiswahili. Sema kama shuleni Tanga au Mombasa ulikuwa unajibu vizuri kwa mdomo, ukipewa karatasi unakwama. Na ukihitaji mkalimani, omba kabla ya siku yenyewe, kwa maandishi.

Sasa sheria. England, Wales na Scotland zinafuata Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Ireland ya Kaskazini ina yake ya mwaka 1995. Ulemavu kwa sheria hii ni hali ya mwili au ya akili inayokupunguzia kwa kiasi kisicho kidogo uwezo wa kufanya mambo ya kawaida ya kila siku, na ambayo imedumu miezi 12 au inaelekea kudumu hivyo. Sheria haidai uwe na cheti cha daktari kwanza. Inaangalia athari, ingawa cheti kikiwepo kinasaidia sana. Wala haijalishi umefanya kazi miaka mingapi bila kulalamika. Mwaka 2007 baraza la rufaa la ajira liliamua kesi ya afisa wa polisi wa London, mtu wa cheo kikubwa, aliyegundua ukubwani kwamba ana disleksia. Mwajiri alidai mtu aliyepanda cheo hivyo hawezi kuitwa mlemavu. Baraza lilikataa: mtu halinganishwi na jirani yake, analinganishwa na vile ambavyo angekuwa yeye mwenyewe bila hali hiyo.

Mwajiri akishajua, au ikiwa ilimpasa ajue, anawajibika kufanya marekebisho ya busara, na gharama ni zake. Hawezi kukukata mshahara kuzifidia. Haki hii huisubirii miaka 2 ya ajira; unayo tangu siku ya kwanza, hata wakati unaomba kazi.

Lakini kuna jambo ambalo watu huambiwa nusu, na ndilo lililonifanya niandike leo. Tathmini yenyewe si haki. Mwaka 2006 baraza la rufaa liliamua kwamba mwajiri havunji wajibu wa marekebisho kwa sababu tu hakufanya tathmini au hakushauriana na mfanyakazi. Anavunja asipofanya marekebisho. Mwajiri asiyetathmini anajiweka hatarini, maana huenda asijue anachotakiwa kufanya, ila kosa lenyewe huhesabiwa kwenye marekebisho. Geuza upande wa pili uone: mwajiri aliyelipia tathmini nzuri kabisa, kisha akaiacha ripoti, hajatimiza chochote.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Ripoti ya dada yetu ilipendekeza karatasi moja ya makabidhiano yenye safu ya kila chumba, dakika 10 mahali patulivu za kuandika kumbukumbu, na programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Karatasi! Meneja aliitia ripoti kwenye droo. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, halafu ikaja barua ya onyo nyingine kwa kosa lile lile ambalo karatasi ingelizuia.

Ukiwa na ripoti, usikae kungoja. Mwandikie mwajiri barua pepe siku hiyo hiyo, fupi. Taja kwamba unaomba marekebisho ya busara chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Orodhesha unachotaka, na kwa kila kimoja sema kinaondoa shida gani. Weka tarehe ya kujibiwa. Wiki 2 zinatosha. Anaweza kukataa jambo lisilowezekana kwake, kwa sababu ya ukubwa wa shughuli yake, gharama, au usalama wa wazee wenyewe, lakini aseme sababu. Kama una chama cha wafanyakazi, mpe mwakilishi nakala.

Kisha hesabu siku. Madai haya hupelekwa kwenye baraza la ajira ndani ya miezi 3 kasoro siku moja, na hata ukisikia muda unaongezwa, wewe hesabu hiyo 3. Wengi hupotea hapa: mwajiri akinyamaza tu, sheria huchukulia kwamba ameamua kutofanya pale ulipopita muda ambao mtu wa busara angekuwa ameshafanya. Maana yake, ukimya wake unakula siku zako. Ukisubiri akujibu ndipo uhesabu, unaweza kukuta mlango umefungwa.

Upande wa fedha, serikali ina mpango uitwao Access to Work, ulioanza mwaka 1994. Mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeomba, na mpango huo unaweza kulipia tathmini, mkufunzi wa kazini au vifaa, bila deni la kurudisha. Foleni yake ni ndefu. Hiyo haimpi mwajiri ruhusa ya kungoja. Karatasi ya vyumba 11 haihitaji ruzuku.

Kuhusu siri: ripoti ni taarifa ya afya yako. Uliza mapema nani ataisoma, na omba uione kabla haijatumwa. Mwajiri akikunyima nakala ya yaliyoandikwa juu yako, omba kwa maandishi. Kwa kawaida anatakiwa akupe ndani ya mwezi 1.

Dada yetu aliandika ile barua pepe. Nilimsaidia kupanga maneno tu, mambo yalikuwa yake. Karatasi ya makabidhiano ilianza kutumika wiki iliyofuata, na sasa inatumiwa na zamu nzima.

Mwajiri wako akikataa, kumbuka kwamba kabla ya kwenda kwenye baraza la ajira ni lazima upitie usuluhishi wa shirika la Acas, na muda husimama wakati usuluhishi ukiendelea. Huduma hiyo hailipiwi, na ada za baraza zilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017. Simu ya Acas ni 0300 123 1100. Piga ukiwa na tarehe zako mkononi.