Sanamu ya Tintin nyumbani kwa nkambo: somo la kuhakiki kitu

Mwezi wa Agosti nkambo wangu aliniita nyumbani kwake, hapa Kolwezi, akanipa kazi ambayo sikuwahi kuisomea. Alitaka nimwandikie karatasi ya kueleza kitu kilichokuwa juu ya kabati lake. Kitu chenyewe ni sanamu ya mti ya Tintin, yule mwandishi wa habari kijana wa katuni za Hergé, Mbelgiji. Imekaa juu ya kabati lile tangu kabla sijazaliwa. Mhandisi mmoja mgeni, ambaye hukusanya vitu vya Tintin, aliiona alipopita mtaani akataka kuinunua, lakini kwanza aliomba maelezo ya maandishi. Nkambo alihitaji mabati kabla ya mvua. Mwenye kalamu katika ukoo ni mimi, basi nikaandika.

Ninaileta kazi hiyo hapa kwa sababu moja. Katika kitivo chetu wanafunzi huhakiki riwaya na mashairi bila shida, wanataja wahusika, dhamira na mandhari. Mpe mwanafunzi huyohuyo kitu cha kushika mkononi umwambie akihakiki: ataandika kwamba ni kizuri, kisha atanyamaza. Nami nilikuwa hivyo. Rasimu yangu ya kwanza ilisema sanamu "inapendeza sana". Nkambo alinisikiliza nikimsomea, akauliza: "Inapendeza nani?" Sikuwa na jibu. Nikafuta mstari, nikatafuta rula.

Kipimo hakina hila. Sanamu ina urefu wa sentimita 34 bila kitako. Mwili wote umechongwa katika kipande kimoja cha mti mwepesi. Mbwa Milou ni kipande cha pili, kimeshikizwa kwenye mguu wa kushoto kwa gundi iliyogeuka rangi ya chai. Tintin amevaa kofia ngumu ya jua, ile ya wakoloni, shati jeupe, kaptula, na soksi zinazofika magotini. Mkono wa kulia umeshika bunduki. Rangi ya shati imebanduka mabegani, na mguu wa kulia una ufa unaoanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti.

Baada ya rula nilirudia kuitazama sanamu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuonekana. Utambulisho wa Tintin ni kishungi cha nywele kilichosimama juu ya paji la uso. Mtu akivaa kofia ya namna ile, kishungi kinafunikwa. Mchongaji hakukubali. Amekitoa nje, mbele ya ukingo wa kofia, kana kwamba kimetoboa njia yake chenyewe. Kwa sheria za nywele ni kosa. Kwa mtu anayeuza barabarani ni akili: mnunuzi aliye mbali lazima amjue Tintin kabla hajafika karibu. Macho nayo. Hergé alimpa Tintin nukta mbili tu. Mchongaji wetu ameacha nukta, akachonga kope nzito zilizoshuka nusu, chini ya paji lililojitokeza. Uso wa kijana wa Brussels umepata utulivu wa mtu mzima ambaye anasikiliza kesi.

Viganja ni vikubwa mno. Nitavirudia.

Bunduki ina historia yake. Mtutu wa mti ulivunjika siku nyingi, na babu, mume wa nkambo, akaweka badala yake kipande cha waya wa shaba. Ni yeye pia aliyetengeneza kitako: ubao wa sentimita 20 kwa 12, umefunikwa vipande vya malakiti vilivyosuguliwa hadi duara za kijani, zile nyepesi na zile nzito, zikaonekana. Malakiti ni jiwe laini, kisu huliparura. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na kwa wachimbaji wa kwetu kijani hicho juu ya ardhi ni dalili ya kilicho chini. Babu alifanya kazi chini ya ardhi. Aliinunua sanamu Lubumbashi kwa mchuuzi aliyesema imetoka Kinshasa, ambako Tintin wa mti huuzwa kwa wageni mpaka leo. Mwaka nkambo haukumbuki kwa tarakimu. Anasema ilikuwa kabla Kamoto haijaanguka, yaani kabla ya mgodi ule kuporomoka mwaka 1990, na kwa mtu wa Kolwezi hiyo ni tarehe ya kutosha.

Sasa, mkusanyaji ana mizani yake, na ni haki kuieleza kabla ya kuipinga. Anauliza mambo machache: je, sanamu inafanana na mchoro wa kitabu? Imetolewa na wenye haki ya Tintin, na ina namba ya toleo? Ina cheti, ina kisanduku chake? Iko katika hali gani? Imepitia mikononi mwa nani? Mizani hiyo si upuuzi, kwa maana fedha nyingi hutembea juu yake. Januari 2021, mjini Paris, mchoro wa rangi ambao Hergé aliuchora mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu uliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 3. Tukiipima sanamu ya nkambo kwa mizani hiyo, inaanguka karibu kila mahali. Haina namba, cheti wala kisanduku. Haifanani. Imevunjika na kutengenezwa na mtu asiye fundi. Mhandisi alikuwa mwungwana. Alisema anaitaka kwa sababu ni "ya kienyeji", na kwamba angeichukua bila kitako, na waya angeubadilisha kwa mti.

Hapo nilikasirika, na hasira si hoja. Ilinibidi nitafute hoja.

Niliipata katika kitabu chenyewe. Tintin au Congo ilianza kutoka gazetini mwaka 1930, Hergé akiwa na miaka 23, ikawa kitabu mwaka 1931, na ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Mwandishi hakuwahi kufika Kongo. Wasomaji wengi wanakumbuka darasa: katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto weusi habari za nchi yao, na nchi hiyo anaitaja kuwa Ubelgiji; mwaka 1946 somo hilo likageuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Wengine wanakumbuka kesi iliyofunguliwa Brussels na Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo mwaka 2007 kuhusu ubaguzi wa kitabu hicho, ambayo mahakama iliikataa mwaka 2012. Mimi ningependa tutazame ukurasa wa mwisho. Tintin amekwisha kuondoka. Kijijini zimebaki sanamu mbili, moja ya Tintin na moja ya Milou, na mtu amezipigia magoti.

Kwa hiyo sanamu ya Tintin iliyochongwa na Mkongomani ilikuwemo kitabuni kabla haijakuwepo duniani. Hergé alidhani anajua tungeichonga kwa nini: ili tuiabudu. Miaka ikapita, Wakongomani wakaichonga kweli, wakaitia bei, wakaiuza kwa wageni. Sioni ibada mahali popote katika biashara hiyo, isipokuwa labda kule mnadani.

Lugha nayo ina la kusema hapa, na kwa kitivo chetu hili ndilo lililonivutia zaidi. Sanamu hii ina majina matatu katika mtaa mmoja. Nkambo huiita "sanamu", na kwa neno hilohilo huita picha za kitabuni, hata picha ya harusi yake ukutani. Kamusi za Kiswahili sanifu zinaelekeza neno kwenye umbo la kuchonga, na asili yake ni neno la Kiarabu la mungu wa kuchongwa. Katika kinywa cha wazee wetu limepanuka likachukua mfano wa aina yoyote, wa mti au wa karatasi. Jirani yake, mama wa kanisa, huiita "nkishi", na haingii chumba kile bila kuigeuza itazame ukuta. Babu aliiita "ukumbusho". Hilo si neno dogo Katanga. Ndilo lililotumika kwa picha za kuchora ambazo watu wa miji ya migodi walitundika sebuleni, picha za aina aliyochora Tshibumba Kanda Matulu, yule aliyeisimulia historia ya nchi kwa picha takriban mia moja katika miaka ya 1970. Ukumbusho hauulizwi kama unafanana. Unaulizwa unamfanya mtazamaji aseme nini.

Nilimwuliza nkambo: babu alikuwa akisema nini wageni wakiitazama?

"Alikuwa anasema: huyu eko muzungu mwenye alikuya kutafuta mukuba, akabakia juu yake. Watu wanacheka."

Basi kitako si pambo. Ndicho nusu ya usemi. Tintin wa kitabuni anasafiri, anawinda, anafundisha, anaondoka. Tintin wa babu amepigiliwa misumari miwili juu ya jiwe la shaba, na bunduki yake imegeuka waya wa shaba. Sijui maneno mengi ya uhakiki yanayoweza kueleza kazi hiyo vizuri kuliko kicheko cha wageni wale. Mhandisi alitaka kununua neno la kwanza la sentensi na kuacha mengine mezani.

Ninarudi kwenye viganja. Katika mkoa wetu wa Lualaba na ng'ambo ya mpaka, Angola, wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walichonga sanamu za Chibinda Ilunga, mwindaji mwana wa mfalme wa Kiluba ambaye masimulizi yanasema alimwoa Lueji, malkia wa Walunda. Moja iko Marekani, katika jumba la makumbusho la Kimbell, Fort Worth. Miguu na viganja vyake vimekuzwa kupita kiasi, kwa sababu nguvu ya mwindaji iko humo. Yeye naye ni mhusika wa hadithi aliyetolewa katika maneno akapewa mwili wa mti. Sidai kwamba mchongaji wa Tintin alimwiga Chibinda. Nadai jambo dogo zaidi: mhakiki anayeona viganja vikubwa na kuandika "kosa la vipimo" amechukua vipimo kwenye kitabu kimoja tu. Tintin wa Hergé huko Kongo ni mwindaji pia, tena mwindaji mbaya, anayeua swala wengi kwa kudhani anamlenga mmoja yuleyule. Mchongaji amempa viganja vya mtu anayejua kazi.

Udhaifu upo, nami niliuandika. Mbwa ni dhaifu: miguu minne imeachwa ikiwa pande moja, na uso wake haukusuguliwa vizuri. Mgongo wa Tintin ni bapa kama ubao, kwa maana mchongaji alijua sanamu itasimama mbele ya ukuta. Shati limepakwa rangi bila kusuguliwa kwanza, ndiyo maana linabanduka. Hii ni kazi ya kuuza, iliyofanywa haraka, na nafikiri aliyeichonga alikuwa amechonga nyingine kama hiyo wiki ileile. (Pembeni tu: katika maisha yangu sijaona sanamu hata moja ya Apolosa, polisi yule wa katuni za Kinshasa, wala ya Mata Mata na Pili Pili. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo aanzie hapo.)

Karatasi yangu ilikuwa na kurasa mbili. Mwishoni niliandika kwamba sanamu, waya na kitako ni kitu kimoja, na kwamba kuvitenganisha kunapunguza thamani yake. Nikampa nkambo, naye akanitaka nimsomee yote. Alicheka niliposoma kuhusu kishungi. Kisha akaniuliza bati moja sasa ni dola ngapi.

Mhandisi aliisoma karatasi kwa makini, alinishukuru, alikubali kuuacha waya. Kitako alikikataa, alisema ni kizito na kingemletea maswali ya madini uwanjani wa ndege, na katika hilo siwezi kumlaumu. Nilimgeukia nkambo nikitumaini atakataa. Aliomba dola 160, akapata 150. Mimi ndiye niliyeng'oa misumari, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aupanue ule ufa.

Mabati yalipigwa wiki ya mwisho ya Septemba. Kitako kiko mezani kwangu kitivoni. Alhamisi iliyofuata nilikiweka mbele ya darasa la uandishi bila kusema kimetoka wapi, nikawapa nusu saa. Wengi waliandika kwamba ni kizuri. Mwanafunzi mmoja, binti anayekaa nyuma karibu na dirisha, aliomba rula, akapima kati ya matundu mawili ya misumari, akaandika: "Sentimita 7. Kilichosimama hapa kilikuwa kimetanua miguu."