Tao la Umeme: Kutayarisha na Kutumia kwa Usalama Mashine ya Kuchomelea

Mtu apitaye karibu na karakana za mafundi wa vyuma, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au kando ya barabara katika mji mwingine wowote wa Afrika Mashariki, hukutana na nuru kali ya samawati ikimetameta kati ya fimbo nyembamba na kipande cha chuma. Aghalabu watoto wa shule husimama wakaitazama. Jioni hurudi nyumbani wakiwa wazima, wakala, wakalala. Usiku wa manane mmoja wao huamka akilalamika kwamba macho yake yamejaa mchanga. Huoshwa kwa maji, lakini mchanga hauonekani, kwa sababu haumo. Kilichotokea ni kwamba utando wa mbele wa jicho, yaani konea, uliungua mchana ule, saa nyingi kabla ya maumivu kuanza.

Mfano huo waonyesha tabia moja ya kazi ya kuchomelea ambayo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa ufundi yafaa aielewe. Cheche na kelele, ambazo humtisha mgeni, si hatari zake kubwa. Hatari kubwa hazionekani, na nyingine hazisikiki mwilini mpaka kazi imekwisha. Kwa hiyo usalama wa fundi hauwezi kutegemea macho yake wala ujasiri wake. Sharti utegemee maarifa.

TAO LA UMEME NI NINI

Katika hali ya kawaida hewa haipitishi umeme. Lakini ncha ya fimbo ya kuchomelea, yaani elektrodi, ikigusishwa kwenye chuma kisha ikainuliwa kidogo, mahali pale pa mgusano hupata joto kali sana. Hewa na mvuke wa chuma vilivyo katika mwanya huo hupoteza elektroni na kugeuka kuwa gesi yenye ayoni, nayo gesi ya namna hiyo hupitisha umeme. Mkondo unaovuka mwanya huo ndio uitwao tao la umeme.

Joto la tao hufikia kiasi cha nyuzi 6000 za Selsiasi, hali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Hivyo kingo za vipande viwili huyeyuka pamoja na ncha ya fimbo, zikachanganyika, na zinapopoa huwa kitu kimoja. Hapo ndipo kuchomelea kunapotofautiana na kutia lehemu, ambako vipande vyenyewe haviyeyuki bali hugandamana kwa madini mengine yaliyo laini zaidi.

Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos wa Urusi alitumia tao la fimbo ya kaboni kuunganisha vyuma, na mwenzake Nikolai Slavyanov akatumia fimbo ya chuma yenyewe. Viungo vya siku hizo vilikuwa dhaifu, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka kilinyonya oksijeni na naitrojeni kutoka hewani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Oscar Kjellberg wa Sweden aliifunika fimbo kwa ganda la dawa. Ganda hilo linapoungua hutoa gesi inayoikinga sehemu iliyoyeyuka, na mabaki yake huelea juu na kuganda kama gamba. Ndiyo sababu fimbo sharti zihifadhiwe mahali pakavu, hasa katika miji ya pwani. Ganda lililonyonya unyevu huingiza haidrojeni katika kiungo, nacho huweza kuwa na vitundu au kupasuka.

KAZI YA TRANSFOMA

Umeme wa nyumbani una volti 230. Volteji hiyo ni kubwa mno kuwekwa mkononi mwa mtu, na mkondo wake katika soketi ya kawaida ni mdogo mno kuyeyusha chuma. Transfoma iliyomo katika mashine hushusha volteji na kupandisha mkondo. Kabla ya tao kuwaka, volteji kwenye ncha ya fimbo huwa kati ya volti 50 na 80 hivi; tao linapowaka hushuka hadi 20 au 30, na mkondo huwa ampea 50 hadi zaidi ya 200.

Ichukuliwe mashine yenye mizunguko 230 ya waya upande wa kuingilia na mizunguko 60 upande wa kutokea. Kabla ya tao kuwaka itatoa volti 60. Tao likiwaka kwa volti 25 na ampea 100, nguvu yake ni wati 2500 hivi. Mwanafunzi hodari atagawanya 2500 kwa 230, apate ampea 11 hivi, kisha aseme kwamba plagi ya ampea 13 inatosha. Jibu hilo ni la hatari. Kanuni ya transfoma husema kwamba mikondo huwa kinyume cha mizunguko. Kwa hiyo mkondo unaoingia ni 100 × 60 ÷ 230, yaani ampea 26 hivi.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Mashine ya kuchomelea huundwa makusudi ili sehemu ya nguvu yake ya sumaku ivuje nje ya njia kuu. Uvujaji huo hufanya kazi kama breki: kadiri mkondo unavyozidi ndivyo volteji inavyoshuka, ili fimbo ikinasa kwenye chuma mkondo usipande bila kikomo. Lakini matokeo yake ni kwamba volteji na mkondo haviendi hatua moja, na nyaya za jengo hubeba mkondo mkubwa kuliko ule unaotokana na hesabu ya wati peke yake.

Joto linalozaliwa ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo. Waya uliokusudiwa kubeba ampea 13 ukibebeshwa 26 hutoa joto mara nne. Hapo fyuzi hukatika, na fyuzi ikikatika huwa imefanya kazi yake. Fundi anayeiondoa na kuweka kipande cha waya wa kawaida mahali pake ameifanya fyuzi kuwa nyaya zilizomo ukutani. Kwa hiyo mashine ya karakana yapasa iwe na njia yake ya umeme, yenye waya wa unene ufaao, fyuzi yake na swichi kubwa iliyo karibu, vyote vikiwa vimewekwa na fundi umeme mwenye leseni.

Siku hizi mashine ndogo za inveta zimeenea. Hizi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo huweza kutumia transfoma ndogo na nyepesi. Hata hivyo wepesi wake usimdanganye mtu: tao lake ni lile lile, na ndani ya kasha huweza kubaki chaji ya umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

NYAYA MBILI ZINAZOCHANGANYWA

Mafundi wengi huuita waya unaofungwa kwenye kazi kuwa ni “ithi”. Jina hilo limezaa makosa makubwa, kwani kuna nyaya mbili zenye kazi tofauti.

Wa kwanza ni waya wa kurudishia mkondo. Unatoka kwenye mashine hadi kwenye kibanio kinachoshika chuma kinachochomelewa, na bila huo mzunguko haukamiliki. Wa pili ni waya wa ardhi, unaounganisha kasha la mashine na ardhi. Katika kazi ya kawaida waya huu haupitishi umeme wowote. Unangoja siku moja tu, siku ile ambayo kihami cha ndani kitaharibika na volti 230 zikafika kwenye kasha. Siku hiyo mkondo mkubwa utakimbilia ardhini na fyuzi itakatika. Waya wa ardhi usipokuwapo, mkondo utangoja mkono wa mtu. Mashine zilizotengenezwa mitaani, ambazo nyingine hazina kasha wala waya wa ardhi, huweza kufanya kazi vizuri miaka mingi. Lakini kufanya kazi vizuri si ushahidi wa usalama.

Kibanio cha kurudishia nacho kifungwe kwenye chuma kilichosafishwa kutu na rangi, karibu na mahali pa kazi. Kikifungwa mbali au vibaya, mkondo hutafuta njia nyingine ya kurudi: minyororo, beringi za mtambo, au huo huo waya wa ardhi, ambao haukuundwa kubeba ampea 100 na huweza kuungua pasipo mtu kujua. Mashine ikaonekana nzima, kumbe kinga yake imekwisha.

KUTAYARISHA KAZI

Utaratibu ufuatao wafaa ubandikwe ukutani mwa karakana ya shule.

1. Sakafu iwe kavu, na mafuta, karatasi, mbao na vitambaa viondolewe kiasi cha mita 10, kwani cheche huruka mbali. Ndoo ya mchanga au kizimamoto kiwe karibu.

2. Swichi ikiwa imezimwa, kebo zikaguliwe. Yenye mpasuko haitumiki. Kebo ikunjuliwe yote, maana iliyozungushwa hushika joto.

3. Waya wa ardhi wa kasha ukaguliwe, kisha kibanio cha kurudishia kifungwe.

4. Fundi avae nguo ndefu za pamba zisizo na mafuta, glavu kavu za ngozi, aproni ya ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi ya mtu.

5. Mkondo uchaguliwe kwa kufuata fimbo. Kwa kawaida fimbo ya milimita 2.5 huhitaji ampea 70 hadi 100; ya milimita 3.2 huhitaji 90 hadi 140; ya milimita 4 huhitaji 140 hadi 190. Maelezo ya pakiti ndiyo yafuatwe.

6. Wote waliopo waonywe na wakingwe kwa pazia. Ndipo swichi iwashwe.

Kinyago hushushwa kwanza, kisha fimbo huburuzwa juu ya chuma kama mtu awashaye kiberiti. Tao likiwaka, mwanya uwe sawa na unene wa fimbo. Ukizidi, tao huyumba na cheche hutapakaa. Ukipungua, fimbo hunasa. Fimbo iliyonasa husokotwa upesi ili ing'oke. Ikikataa, swichi huzimwa. Gamba hugongwa baada ya kupoa kidogo, macho yakiwa yamefunikwa, kwa kuwa vipande vyake huruka vikiwa na moto.

HATARI ZISIZOONEKANA

Ya kwanza ni umeme wa volteji ndogo. Mwili mkavu huwa na ukinzani wa maelfu ya omu. Uliolowa jasho huweza kushuka hadi omu 1000 hivi. Kwa volti 70, sheria ya Ohm yatoa miliampea 70. Kiasi cha miliampea 10 chatosha kukaza misuli hata mtu asiweze kuachia alichoshika, na mkondo unaozidi 50 ukipita kifuani huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo fimbo isibadilishwe kwa mkono mtupu, wala kazi isifanywe mvuani. Mtu aliyenaswa asiguswe kabla swichi haijazimwa.

Ya pili ni miale ya urujuanimno, ile iliyomwamsha mtoto usiku. Kwa mkondo wa ampea 100 hivi kioo cha kinyago chapasa kuwa cha namba 10. Mkondo ukizidi 175, namba 11. Miwani ya jua hupunguza mng'ao na hivyo humwezesha mtu kutazama kwa muda mrefu zaidi, lakini haikuundwa kuzuia miale mingi kiasi hicho, wala haifuniki uso. Aliyeungua apumzike gizani, awekewe kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, na apelekwe hospitali. Maziwa na dawa za kubahatisha zisitiwe machoni. Kwa kawaida konea hupona kwa siku moja au mbili, lakini hilo si ruhusa ya kuiunguza tena.

Ya tatu ni moshi. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, hata mtu akadhani ana malaria. Mwaka 2017 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kazi ifanywe penye hewa ipitayo, na kichwa kisiwe juu ya moshi.

La mwisho ni pipa tupu. Pipa lililokuwa na petroli si tupu. Limejaa mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Mwanafunzi asilichomelee kamwe.

Fundi mzuri hujulikana kwa kiungo kilichonyooka. Lakini kiungo hicho huwa na faida kwake iwapo macho, mapafu na moyo vilivyokitengeneza vitadumu navyo vikiwa vizima.

MASWALI YA DARASANI

1. Mashine ina mizunguko 230 na 70, na mkondo wa tao ni ampea 120. Tafuta mkondo unaoingia.

2. Nguvu ya nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Linganisha nuru impatayo fundi aliye nusu mita kutoka kwenye tao na mtazamaji aliye mita 5. Je, jibu hilo lamruhusu mtazamaji atazame saa nzima?

3. Eleza kwa nini mashine isiyo na waya wa ardhi huweza kuchomelea sawasawa na ile iliyo nao.