Namba 2 Kwenye Dodoso: Mafunzo Niliyopata Vijijini

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa udadisi: kuingia kaya hadi kaya na dodoso la kilimo, kusalimia, kuketi, kuuliza na kuandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali ambalo hatukumuuliza mtu, tulijijazia wenyewe. Eneo: 1 Mjini, 2 Vijijini. Nilizungushia namba 2 mara nyingi mno kabla sijaanza kuitilia shaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na takribani theluthi mbili yao wako ndani ya namba 2 hiyo: mwenye migomba wa Rombo, mfugaji wa Simanjiro, mvuvi wa Mafia, mkulima wa mpunga wa Kyela. Haya ndiyo waliyonifundisha.

1. Kwanza uliza mvua

Wiki moja tulikuwa Lushoto, wiki iliyofuata Manyoni, na dodoso ni lile lile. Swali lilisema: "Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi?" Kule Lushoto mama mmoja aliacha kuchambua maharage akanitazama. "Msimu upi, mwanangu? Wa vuli au wa masika?" Karatasi yangu ilikuwa na kisanduku kimoja. Nikaandika wa masika. Maharage ya vuli, ambayo ndiyo yaliyonunua sare za watoto wake, hayakuingia popote.

Manyoni swali lile halikumsumbua mtu. Huko mvua ni moja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Unapanda mtama, uwele na alizeti, na usipovuna unasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo fomu zetu zilimpima mkulima wa Manyoni mwaka wake wote, na yule wa Lushoto nusu ya mwaka wake, kisha zikawalinganisha. Nilimweleza msimamizi. Akasema fomu zimekwisha kuchapwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu yule mama alinipa jibu sahihi na mimi nikalipunguza.

Tangu hapo naamini kwamba anayetaka kupanga vijiji kwa aina zake aanze na kalenda. Kazi gani hufanyika mwezi gani, na mwezi upi ghala huwa tupu? Vijiji viwili vyenye kalenda moja ni ndugu hata vikiwa mikoa tofauti.

2. Jina "kijiji" lina historia yake

Katika Operesheni Vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika wakapangwa pamoja. Ndiyo maana ukipita sehemu za Dodoma au Singida unaona nyumba zimejipanga kando ya barabara na mashamba yako mbali. Lakini kwenye miteremko ya Kilimanjaro na kule Bukoba watu walikuwa wamebanana tayari. Kwa kiasi kikubwa walibaki walipokuwa, makazi yao yakaandikishwa kuwa vijiji. Mbele ya sheria vyote ni sawa. Mdadisi anayetembea kwa miguu anajua kwamba mahali pamoja atamaliza kaya kumi asubuhi, na pengine atashinda akipenya kwenye migomba akitafuta mlango wa nyumba inayofuata.

3. Kaya moja huweza kuishi kwenye kanda mbili

Mzee mmoja wa Marangu alinionyesha kihamba chake: migomba juu, kahawa kivulini, ng'ombe wawili zizini. Nikaandika "kahawa na ndizi" na kutaka kufunga. Akaniambia, "Bado hujaniuliza shamba." Shamba la mahindi lilikuwa chini tambarare, kwenye joto na mvua haba, na mabua yake ndiyo yaliyopandishwa kwa gari kuja kulisha ng'ombe wale. Mvua ikikatika kule chini, njaa hupanda mlimani, ingawa kihamba kinabaki kijani na mpita njia anaona neema. Ramani yoyote inayochora mstari kati ya mlima na tambarare inaikata kaya hiyo vipande viwili.

4. Wenyeji wameshaainisha

Usukumani nilijifunza maneno matatu kabla ya chakula cha mchana: luseni, mchanga wa sehemu za juu, itogolo, ardhi ngumu ambako ng'ombe huchungwa, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaoshika maji. Mtu akikutajia yuko kwenye udongo upi, amekwisha kukuambia analima nini. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akifanya kazi Amani, Usambara, aliipa sayansi neno "katena" kwa mfuatano wa namna hii wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa wakiishi ndani ya mfuatano huo na kuuita majina. Nasema hivi kwa heshima kwa pande zote mbili: Milne alisoma ardhi kwa makini, na wenyeji walikuwa wameisoma kabla yake.

5. Aina hubadilika

Katoro, mkoani Geita, umekuzwa na dhahabu na biashara. Kijiji kilichoorodheshwa miaka kumi iliyopita kinaweza leo kuwa na gesti, mafundi simu na wapangaji wasiomiliki hata jembe.

Ndugu yangu unayeandaa dodoso mwaka huu, nakuomba mambo mawili madogo. Weka mstari wa vuli na mstari wa masika, kila mmoja peke yake. Na chini ya namba 2 acha nafasi ya maneno machache, mdadisi aandike wenyeji wanapaitaje hapo alipoketi.