Pua ya Panya Buku na Kikohozi cha Nyumbani

Panya ni adui wa ghala na jiko, lakini huyu wa leo ana sifa zake. Ni panya buku. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lilianza kuwafundisha mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kuanzia 2007 walipewa kazi nyingine: kunusa makohozi kutoka vituo vya afya vya hapa nchini ili kubaini kifua kikuu.

Makohozi huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya hupita tundu kwa tundu, na penye maradhi husimama akinusa kwa sekunde kadhaa. Sampuli 100 humaliza kwa dakika 20 hivi. Alizozionyesha hupimwa tena maabara, kwani panya hatoi hukumu peke yake.

Anajuaje? Ndani ya pua yake mna vihisi vya aina nyingi sana, na kila aina huitikia harufu kadhaa. Ubongo husoma mwitikio wa vyote kwa pamoja, kama wewe unavyoitambua pilau ya jirani bila kuhesabu bizari, iliki na mdalasini. Hata upande harufu inakotoka hujulikana: mwaka 2006 wataalamu wa Bangalore, India, walionyesha kuwa panya hulinganisha tundu la kulia na la kushoto la pua.

Binadamu ameiga. Mwaka 1982 Persaud na Dodd wa Uingereza walieleza pua ya kielektroniki yenye vihisi vichache vinavyosomwa kwa pamoja. Zimetengenezwa nyingi tangu hapo, ila unyevu huzisumbua, na vihisi vyake hubadilika kadiri vinavyozeeka.

Sasa turudi kwetu. Tunduma ni mji wa mpakani, wenye malori, nyumba za wageni na vyumba vya kupanga vilivyojaa. Anayekohoa kifua kikuu hutoa chembe ndogo mno zinazoelea chumbani kwa saa kadhaa, wala pua yako haizinusi. Baridi ya Juni ikija tunafunga madirisha, tukiwafungia watoto humo humo. Wengine humtengea mgonjwa kikombe na sahani, jambo linalomvunja moyo bure, kwani maradhi haya huenea kwa hewa, si kwa vyombo.

Kwa hiyo chanzo utakitafuta kwa kuhesabu siku. Mwenye kukohoa wiki mbili au zaidi, au anayetoka jasho usiku na kukonda, apelekwe kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure, na matibabu kwa kawaida ni miezi sita. Akipewa kikopo, atoe makohozi ya kifuani, si mate, na ayatolee nje penye upepo, mbali na watu, si chooni wala chumbani.